UZI: Mtu wa Kigoma anayekwenda The Slipway, Dar es Salaam: saa ya kufika, cha kununua na cha kuacha

Mwisho_wa_Reli

Wakuu, mwakeye.

Kila likizo ikikaribia maswali ni yale yale: "Nakwenda Dar, nimesikia The Slipway ni pa wenye pesa, nikifika nifanyeje?" Tuweke mambo mahali pamoja. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga aje na hoja.

The Slipway ipo Rasi ya Msasani, upande wa magharibi, inatazama Ghuba ya Msasani. Zamani palikuwa karakana ya boti. Jina lenyewe maana yake ni chelezo, kama kile cha bandarini kwetu ambako meli hupandishwa nchi kavu. Leo kuna maduka, migahawa, vibanda vya sanaa na boti za kwenda kisiwani, vyote vikiwa wazi kwa upepo. Usitarajie jengo moja lenye kiyoyozi mlango hadi mlango kama Mlimani City. Unatembea nje, unaingia duka, unatoka tena nje. Kuingia ni bure, na hakuna atakayekuuliza umekuja kununua nini.

Jambo la kwanza ni jua, na hapa watu wa kwetu hukosea hesabu. Kigoma iko karibu digrii 10 magharibi ya Dar, na kila digrii moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua la Dar huzama kama dakika 40 kabla ya letu, ingawa saa zetu zinasoma sawa. Sisi tumezoea kuliona likizama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa 1 jioni. Kule mwezi Juni linazama saa 12 na robo, Novemba ni vilevile, na Februari ndiyo linachelewa hadi kama saa 12 na dakika 45. Ukipanga kufika saa 12 na nusu "kuwahi machweo" unakuta giza na meza zimejaa. Fika saa 10 alasiri, zunguka madukani, saa 11 uwe umeshakaa.

Meza za ukingoni mwa maji zinatazama magharibi, kwa hiyo kuanzia saa 10 hadi 11 na nusu jua linakupiga usoni likiwa chini kabisa, na mwavuli wa juu hausaidii. Mwenye mtoto mdogo au mzee akae ndani kidogo, chini ya paa, asogee ukingoni jua likishalegea. Halafu upepo hutokea upande wa bahari kuu, na rasi yenyewe inaukinga. Mchana wa Februari na Machi upande huu joto lake ni zito kuliko Coco Beach, ambayo ipo upande wa mashariki na kilomita chache tu.

Gungu_Stendi

Usafiri, maana wengi huumia hapo kabla hata hawajaona bahari.

Ukishuka basi Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, bado una zaidi ya kilomita 20 hadi Masaki, iliko The Slipway. Gari la kuita kwa simu ndilo rahisi kwa mtu mwenye mizigo. Mwenye begi moja aulize daladala la Masaki, ashuke karibu na njia panda, amalizie na bajaji. Usikubali bei ya kwanza ya dereva anayekufuata mlangoni mwa basi. Washa programu kwanza uone makadirio, ndipo mzungumze.

Kwa treni: ile ya zamani kutoka Kigoma inakupeleka hadi Dar, lakini wengi siku hizi wanashukia Dodoma na kupanda ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024 na hutumia saa 3 na nusu hadi 4 hivi kwenda Dar. Kosa la kawaida ni kukata tiketi ya SGR ya asubuhi ileile ambayo treni ya Kigoma inatarajiwa kufika Dodoma. Treni ya safari ndefu ikichelewa, tiketi ya pili imekwenda. Acha nafasi ya nusu siku au ulale Dodoma. Kumbuka pia stesheni hizo mbili haziko jengo moja, na jina la kwenye tiketi lifanane na kitambulisho herufi kwa herufi.

Kutoka stesheni ya SGR ya Magufuli, katikati ya jiji, hadi The Slipway ni kilomita 8 hadi 10. Njia nzuri ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, linalovuka bahari kutoka Aga Khan hadi upande wa Coco Beach. Kuanzia saa 10 na nusu hadi saa 1 jioni siku za kazi magari yanaganda, kwa hiyo ile saa 10 aliyosema mleta uzi maana yake uondoke mjini saa 9.

Mtoto_wa_Ujiji

Naweka kambi hapa. Swali: vitenge vya kule vina tofauti gani na vya kwetu? Dada yangu ameagiza.

Mama_Waksi

Mwanangu, mwambie dada yako asipeleke maji ziwani. Kitenge cha kukata kinunuliwe Kigoma, Mwanga au Ujiji, ambako mzigo wa kutoka ng'ambo ya ziwa na Burundi unaingia bila kupitia mikono mingi. Kule Masaki unalipa pango la duka.

Kinachofaa kule ni nguo iliyoshonwa, kwa sababu mitindo ni ya kuangaliwa na kuigwa. Ukinunua, geuza ndani kabla ya kusifu nje. Akiba ya mshono iwe sentimita 1 na nusu au zaidi, vinginevyo ukinenepa kidogo fundi hana pa kuachia. Angalia maua yamekutana kwenye mshono wa ubavuni au yamekatika. Vuta zipu mara tatu hadi mwisho. Ikikwama mara moja, achana nayo.

Na waksi yenyewe: ile halisi, rangi imeingia pande zote mbili kwa nguvu ileile, na utaona vijistari vyembamba kama nyufa ambavyo havifanani kutoka ua moja hadi jingine, kwa sababu nta ilipasuka kila mahali kwa namna yake. Ya kuigiza, nyuma imefifia au nyufa zinajirudia kwa mpangilio. Ukitilia shaka pamba, chomoa uzi mmoja pindoni uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, plastiki inayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Yadi 6 ni mita 5 na nusu kasoro kidogo. Pima kwa futi, si kwa mkono wa muuzaji. Na kabla ya kukata loweka, kwa sababu pamba hurudi.

Fundi_Mbao_KGM

Mama amemaliza. Mimi niongezee vinyago na picha, kwa sababu vibanda vya sanaa pale ndivyo vinavyomaliza hela za watu.

Mpingo kwanza. Kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji, kwa hiyo kipande kisicho na pembe nyeupe kikitiwa kwenye ndoo kinazama. Dukani huwezi kuomba ndoo, lakini unaweza kukipima mkononi: kinyago cha urefu wa shubiri moja kikiwa chepesi kama msonobari, hicho si mpingo. Wanaoghushi huchukua mti mweupe na kuupaka rangi ya viatu. Chukua pamba yenye kiondoa rangi ya kucha au spiriti, sugua chini ya kitako ambako hakuonekani, na umwombe mwenye mali ruhusa kwanza. Pamba ikitoka nyeusi kama masizi, umejua. Mpingo wenye mstari wa rangi ya maziwa ubavuni si bandia, hiyo ni sehemu ya nje ya gogo, na mchongaji mzuri huitumia kwa makusudi.

Tatizo la pili linatokea nyumbani. Mti uliochongwa ukiwa haujakauka vizuri hukaa salama Dar kwa sababu ya unyevu wa pwani. Ukiuleta Kigoma mwezi wa Julai, hewa kavu inakausha nje haraka kuliko ndani, na nje ikinywea huku ndani bado imejaa maji, lazima ipasuke, hasa kwenye ncha na kitako. Kikifika, kiache ndani ya mfuko kwa wiki 2 au 3, ukifungua kidogo kila siku, kisha paka nta ya nyuki. Usikiweke juu ya friji wala dirishani.

Picha za Tingatinga: mtindo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, na mwanzoni zilichorwa kwa rangi ya mafuta ya madukani juu ya ubao mgumu, nyingi zikiwa za mraba wa sentimita 60 hivi. Leo nyingi ni za turubai ili ziviringike. Rangi ile juu hukauka upesi lakini chini hubaki laini kwa siku kadhaa. Bonyeza kwa kidole gumba pembeni pasipo na picha muhimu. Alama ikibaki, usiiviringe leo. Ukiiviringa, upande wa rangi uwe NJE. Watu hufanya kinyume wakidhani wanaikinga, kumbe rangi inajikunja ndani na kushikana, na joto la siku mbili za behewa linamalizia kazi. Weka karatasi ya kuokea juu ya rangi, zungushia bomba la PVC la inchi 4, si la inchi 2, halafu nje tia gazeti. Ushirika wenyewe wa wachoraji wa Tingatinga uko Morogoro Stores, Oysterbay, si mbali na hapo. Pitia kule kwanza ujue kazi nzuri inafananaje, ndipo urudi vibandani kupatana bei.

Kasulu_Original

Kupatana bei pale inaruhusiwa? Si patakuwa pa aibu?

Fundi_Mbao_KGM

Kwenye kibanda cha sanaa, patana. Kwenye duka lenye bei iliyobandikwa, uliza mara moja tu, "Nikichukua viwili mnapunguza?", ukiambiwa hapana, basi. Aibu iko kwa anayepatana nusu saa halafu anaondoka bila kununua.

Jiwe_la_Bluu

Nimengoja mtu aguse tanzanite, hakuna. Haya.

Tanzanite inachimbwa mahali pamoja duniani, Mirerani mkoani Manyara, na iligunduliwa 1967. Maduka ya vito yapo maeneo ya Masaki na Oysterbay, na mtu wa kwetu anayetaka pete ya uchumba atashawishika. Basi ajue haya.

Mwanga ndio mchezo wote. Jiwe moja linaonekana bluu zaidi mchana na zambarau zaidi chini ya balbu ya njano. Taa za kabati la vito zimechaguliwa kulipendezesha. Faida ya maduka ya wazi ni kwamba ua uko hatua chache tu: omba muuzaji atoke nawe mlangoni, mtazame jiwe kivulini, si juani moja kwa moja, saa 3 hadi saa 10. Ukienda usiku, usinunue kito. Rudi kesho.

Zungusha jiwe polepole ukilitazama kutoka pande tofauti. Tanzanite hubadilika kati ya bluu na zambarau kwa jinsi unavyoligeuza. Kioo hakibadiliki, na mara nyingi ndani kina viputo vya duara. Karibu tanzanite zote sokoni zimepashwa moto ili rangi ya kahawia iondoke. Hilo ni jambo la kawaida na si udanganyifu, lakini muuzaji anayekuapia kwamba lake halijapashwa kabisa inabidi alete cheti cha maabara.

Ukubwa: karati 1 ni gramu 0.2. Jiwe dogo chini ya karati 1 kwa kawaida huwa jepesi rangi, kwa sababu mwanga unapita umbali mfupi ndani yake. Kwa hiyo jiwe dogo lenye bluu nzito kupindukia kwa bei ya kutupa lichunguze mara mbili. Yapo yaliyopakwa utando wa rangi. Tazama kingo za pande zilizokatwa kwa kioo cha kukuza mara 10: utando huchubuka pale kwanza.

Na hili ndilo la Kigoma hasa. Ugumu wa tanzanite ni 6 na nusu hadi 7. Vumbi letu la barabarani lina mchanga ambao ugumu wake ni 7. Pete ya kuvaliwa kila siku huku itapoteza mng'aro baada ya miaka michache, na hakuna wa kulaumiwa. Chagua hereni au kidani. Ukitaka pete lazima, iwe na ukingo wa dhahabu au fedha unaozunguka jiwe lote badala ya kucha nne. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Usiitie kamwe kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo, wala kuitoa kwenye mvuke na kuitia maji baridi. Inapasuka.

Mtoto_wa_Ujiji

Si ukiwa na cheti basi umemaliza?

Jiwe_la_Bluu

La. Cheti kinaeleza jiwe fulani, hakielezi kwamba jiwe hilo ndilo liko ndani ya kisanduku ulichopewa. Linganisha uzito kwa karati hadi desimali mbili na vipimo vya milimita, mbele yako, juu ya mzani wao. Jiwe likishapachikwa kwenye pete huwezi kulipima peke yake, ndiyo maana wajuzi hununua jiwe kwanza, ndipo sonara apachike.

Risiti_Tafadhali

Malipo, kwa kifupi. Kuanzia tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kulipisha bidhaa na huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni. Ukiona bei ya dola, omba bei ya shilingi. Mtalii anaweza kubadilisha zake benki. Risiti ya mashine ya EFD idai hata kwa kinyago cha bei ndogo, iwe na jina lako kama ni kito, na kiasi kilichoandikwa kiwe kile ulicholipa. Uliza kabla: "Bei hii ina kodi ndani?" VAT ya kawaida ni asilimia 18, na katika manunuzi makubwa si kitu cha kugundua mwishoni.

Lipa namba inakubalika karibu kila mahali, ila kikomo cha muamala kwa siku kinatofautiana kwa mtandao na kwa akaunti. Anayetaka kununua kito aulize kikomo chake akiwa bado Kigoma. Na mbebe mifuko yenu, ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Kibirizi_Mvuvi

Watu wa maji hawajasikika. Boti za kwenda kisiwa cha Bongoyo zinaondokea pale pale, na safari ni kama nusu saa. Kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam, pamoja na Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, iliyotangazwa 1975. Kwa hiyo kuna malipo mawili: nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi. Uliza kama ulichoambiwa kina vyote viwili. Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, ila lazima uonyeshe kitambulisho, beba cha NIDA. Kiingilio ni cha serikali, kinalipwa kwa kontro namba, si mkononi mwa mtu.

Sasa sikilizeni, ninyi wa ziwani. Ziwa letu halina kupwa na kujaa. Kiwango kinapanda na kushuka kwa misimu. Bahari inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku muda unasogea mbele kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Dar hukaribia mita 4 katika siku kubwa kabisa. Maana yake: ufuko uliouona asubuhi una maji ya kuogelea, saa 6 baadaye ni mawe, majani ya bahari na wanyama weusi wenye miiba mirefu inayokatikia mguuni. Viatu vya kuingilia majini ni lazima. Kandambili hazifai, zinachomoka. Mkitaka kuogelea kwa raha, chagueni siku ambayo maji yanajaa kati ya saa 5 na saa 8 mchana, na bora iwe maji mafu, yaani siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Ratiba za maji zipo mtandaoni, andika Dar es Salaam.

Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, asubuhi bahari ni tulivu zaidi kuliko alasiri. Nendeni na boti ya mapema, rudini kabla ya saa 9. Simu na nguo kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa sababu wimbi la ubavuni linarusha maji ya chumvi, na chumvi ikikauka kwenye tundu la chaji inaendelea kula chuma. Vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha hajasema. Wewe uliyekulia Kibirizi unajua kuogelea, sawa, lakini boti ni ya watu wote.

Na usiokote kombe wala kipande cha matumbawe, kiwe kimekufa au hai. Ni kosa ndani ya hifadhi.

Mke_wa_Mwalimu

Asanteni. Chakula je? Sisi ni watu wa migebuka na kuhe, mtupe mwongozo tusije tukaagiza kitu kwa jina tu.

Kibirizi_Mvuvi

Shemeji, nguru agiza bila wasiwasi: vipande vinene, miiba michache, hata mtoto anakula. Changu huja mzima, mtamu, lakini miiba ipo. Pweza uliza kama amepigwa na kuchemshwa kabla ya kuchomwa. Asipochemshwa anatafunika kama mpira. Kamba kochi na samaki mzima mara nyingi huuzwa kwa uzito. Mwambie mhudumu amlete samaki mbichi kwenye sahani na ataje gramu na bei yake kabla hajaenda motoni. Gramu 800 za mbichi si gramu 800 utakazokula, ganda la kamba kochi peke yake ni sehemu kubwa.

Gungu_Stendi

Mengine madogo: ukitoka duka lenye kiyoyozi kuingia joto la nje, lenzi ya simu na miwani vinapata ukungu, kwa sababu kioo bado ni baridi na hewa ya Dar imejaa maji. Usifute kwa shati lenye chumvi, linakwaruza. Ngoja dakika 5 hadi 10. Na mbu wa Dar si wa usiku pekee: wale wa dengi wanauma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na Dar imepata milipuko ya dengi, 2014 na 2019. Dawa ya kupaka ipakwe tangu mchana. Homa ikikushika ukirudi nyumbani, mwambie daktari kwamba ulikuwa Dar, na usinywe aspirini wala dawa za jamii ya ibuprofeni kabla ya kupimwa.

Kasulu_Original

La mwisho. Mama yangu magoti hayampi, anatembelea fimbo. Bongoyo atafika?

Kibirizi_Mvuvi

Mpigie mwenye boti siku moja kabla, uulize mambo mawili: saa maji yanapojaa siku hiyo, na kama boti ina ngazi. Maji yakiwa yamejaa, boti inasogea karibu na mchanga, na mama atashuka maji yakiwa chini ya magoti, akishikwa mikono na watu wawili. Maji yakiwa yamekupwa, boti inasimama mbali, na hatua za mwisho ni za majini juu ya mawe. Hapo hapana. Siku isipokubaliana na maji, aketi The Slipway chini ya paa, saa 11, upande ambao jua halimpigi, aagize nguru. Boti ataziona zikirudi.